Jinsi ya Kutunga Muziki wa Gemu za Kizamani na Kuuweka Kwenye Gemu Yako: Mwongozo kwa Watu wa Kusini

Mwongozo huu ni wa mtu aliye Mtwara, Lindi, Masasi au Newala, mwenye simu ya Android au laptopu ya mtumba, ambaye zile tuni za gemu za kaseti hazijamtoka kichwani na sasa anataka kutunga za kwake. Huhitaji studio wala kinanda, na hata kusoma noti si lazima. Unahitaji hedifoni za bei yoyote na uvumilivu wa kurudia kipande cha sekunde thelathini mpaka kikae.

Bando nalo lisikutishe. Super Mario Bros. ya mwaka 1985, pamoja na picha, ramani na muziki wake wote, ilikaa kwenye KB 40. Picha moja unayopiga kwa simu ufukweni Shangani ni kubwa kuliko hiyo mara nyingi. Ndani ya kaseti hakukuwa na wimbo uliorekodiwa. Kulikuwa na maagizo tu: piga noti hii, panda, nyamaza. Sauti ilitoka kwenye chipu ya mashine yenyewe, na ndiyo maana muziki huu unaitwa muziki wa chipu.

Hatua ya 1: Ijue mashine kabla ya wimbo

Tuanze na Famicom, ile mashine ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983 na kuigwa na mashine nyingi za bei nafuu dunia nzima. Chipu yake, 2A03 ya kampuni ya Ricoh, ina chaneli tano za sauti, na kila moja hutoa sauti moja tu kwa wakati mmoja.

Mbili za kwanza ni za mraba. Hizi ndizo huimba. Unaweza kubadili umbo la wimbi lake, yaani sehemu ya muda ambayo wimbi linakaa juu: asilimia 12.5, 25, 50 au 75. Ya 12.5 ni nyembamba na inapenya puani kama zumari. Ya 50 ni nene na imetulia. Ya 75 usiihangaikie, kwa sikio haina tofauti na ya 25. Ukubwa wa sauti hupanda kwa ngazi 16, kuanzia 0 hadi 15.

Ya tatu ni pembetatu. Kazi yake kubwa ni besi. Ina ulemavu mmoja ambao nitauzungumzia sana baadaye: haina kupunguza wala kuongeza sauti. Ama inalia, ama imenyamaza. Ya nne ni ya kelele, ile “shhh” inayogeuka kuwa manyanga, mawimbi ya bahari au mlipuko, kutegemea unaikata vipi. Ya tano hucheza vipande vifupi vya sauti iliyorekodiwa. Iache kwa sasa.

Game Boy ya mwaka 1989 inafanana sana na hiyo: mraba mbili, kelele moja, na badala ya pembetatu kuna chaneli ambayo umbo la wimbi lake unalichora mwenyewe kwa nukta 32. Mega Drive ya Sega na Super Famicom zina sauti tajiri zaidi, nazipenda sana, lakini si mahali pa kuanzia. Ukipewa vingi mapema hutajifunza kubana.

Jambo moja la pembeni kabla hatujaendelea. Kama ulichezea mashine ya mfumo wa PAL, ambao ndio uliokuwa kwenye televisheni zetu, huenda ilikwenda kwa fremu (picha za skrini) 50 kwa sekunde badala ya 60 za Japani na Marekani. Wimbo ulioandikwa kwa fremu 60 ukichezwa kwenye 50 bila kurekebishwa hupungua kasi kwa sehemu moja ya sita. Kwa hiyo ukisikiliza tuni ya utotoni leo mtandaoni ukaona inakimbia, masikio yako hayajakosea.

Hatua ya 2: Sikiliza chaneli moja moja

Pakua FamiStudio, programu ya kutungia muziki wa chipu. Ni ya bure, ipo ya kompyuta na ipo ya Android. Ukiwa kwenye kompyuta inaweza kufungua faili za NSF, yaani muziki uliotolewa kwenye gemu za Famicom, na kukuonyesha noti zake zikiwa zimetandazwa mbele yako. Kwenye simu, ZXTune hucheza faili za aina hiyo, ila hapo unasikiliza tu.

Sasa fanya zoezi hili kabla ya kutunga chochote. Chagua wimbo mmoja unaoujua kwa moyo. Zima chaneli zote, ubaki na pembetatu peke yake. Sikiliza mpaka uweze kuiimba. Kisha washa kelele. Kisha mraba wa pili, na mwisho mraba wa kwanza. Wengi hushangaa kukuta kwamba kile walichodhani ni bendi nzima ni besi inayoruka ruka na sauti mbili zinazokimbia sambamba. Huo wimbo maarufu wa mtunzi Koji Kondo wa sehemu za juu ya ardhi kwenye Super Mario Bros. umejengwa hivyo hivyo, na kelele nyepesi juu yake. Muda wa mchezaji ukibaki chini ya 100, muziki unaongeza kasi. Hakuna wimbo mpya wa wasiwasi ulioandikwa pale. Ni uleule umekimbizwa. Ujanja huo uweke mfukoni.

Ukiona wimbo unakuchanganya, punguza kasi ya kucheza. Usiruke hatua hii kwa sababu una haraka ya kutunga. Nimewasikia vijana wazuri kwenye biti za singeli wakishindwa hapa kwa sababu walizoea kupanga sauti ishirini juu ya nyingine. Hapa una nne.

Hatua ya 3: Pigo liwe la kwenu

Programu hizi zimezaliwa na mazoea ya huko zilikotoka. Ukifungua wimbo mpya utakuta kila pigo limegawanywa mara nne, na kila kipande kina noti 16. Ni sawa kwa wanaotaka tuni za Kijapani. Lakini ngoma nyingi za huku, ile sindimba ya Wamakonde kwa mfano, masikioni mwangu zinatembea kwa tatu tatu, na ukizilazimisha kwenye 16 zinachechemea. Mtu wa Newala atakusikiliza kwa adabu halafu atakuuliza ni ngoma ya wapi.

Fungua mipangilio ya wimbo. Badilisha noti kwa kila pigo kutoka 4 kuwa 3, na noti kwa kila kipande kutoka 16 kuwa 12. Basi. Kwenye programu za safuwima zinazoshuka kama Furnace, ambayo nayo ni ya bure na ina chipu za kila namna, weka urefu wa kipande uwe mistari 48 badala ya 64, na rangi ya kuonyesha pigo iwe kila mstari wa 3.

Kasi pia ina hesabu yake. Mashine huhesabu kwa fremu. Kila noti ikichukua fremu 10, kwa fremu 60 za sekunde moja unapata noti 6, na kwa kuwa pigo lina noti 3, unapata mapigo mawili kwa sekunde, yaani 120 kwa dakika. Ukiteremka hadi fremu 8 unafika 150. Kwa wimbo wa kutembea anza na 10, kwa wimbo wa kukimbizwa tumia 8. Kuna 9 pia, usiidharau.

Sasa weka kelele. Mpangilio huu wa kupiga mara saba ndani ya 12 unajulikana sehemu nyingi za Afrika, kwa hiyo sisemi ni mali ya Mtwara, ila ni mahali pazuri pa kuanzia:

x . x . x x . x . x . x

Yaani piga kwenye noti ya 1, 3, 5, 6, 8, 10 na 12. Kelele ya kawaida ikikatwa mapema inakupa manyanga. Chaneli hiyo ina namna ya pili, fupi, inayotoa mlio wa chuma. Ukiuweka juu unafaa kwa njuga za miguuni. Zichanganye: njuga kwenye ya 1 na ya 6, manyanga kwingine kote. Weka ukubwa wa sauti kwenye noti ya 1 uwe 10, na nyingine zishuke mpaka 5 au 6. Zikilingana zote, utapata mashine ya kushona na si ngoma.

Besi ya pembetatu iweke kwenye 1, 4, 7 na 10. Icheze peke yake na kelele kwa muda. Utasikia mambo mawili yakivutana, moja linahesabu nne na jingine linapita katikati yake. Kama kichwa chako kimeanza kutikisika, endelea. Kama hakitikisiki, bado tupo kwenye hatua ya 3.

Hatua ya 4: Pembetatu igeuke ngoma

Hapa ndipo nilipotaka kufika. Nimesema pembetatu haina kupandisha wala kushusha sauti. Watunzi wa zamani waliugeuza ulemavu huo kuwa kazi: ukiiteremsha noti ya pembetatu kwa kasi sana halafu ukaikata, inalia kama ngoma ya ngozi. Si karibu na ngoma. Ni ngoma kweli, ile “du” yenye tumbo.

Tengeneza ala mpya, uipe jina la ngoma. Kwenye mchoro wa arpeji, yaani hatua za kinanda ambazo noti inapanda au kushuka, andika 0, -4, -8, -12, -16. Kila namba hukaa fremu moja, kwa hiyo ngoma yote haifiki hata sehemu ya kumi ya sekunde. Kwenye mchoro wa sauti andika 15, 15, 15, 15, 0, ili fremu ya tano inyamaze kabisa. Piga noti ya katikati ya kinanda usikie. Kisha nakili ala hiyo, uipe jina la kingoma, na uipige juu zaidi kwa hatua ndogo: 0, -2, -4, kisha sauti ikatike. Hicho ni kile kingoma kidogo cha sauti kali ambacho hakinyamazi ngomani.

Swali linalofuata ni la haki: kama pembetatu ni moja na tayari inapiga besi, ngoma itakaa wapi? Inakaa katikati ya besi. Weka ngoma kwenye noti ya 6 na ya 12, mara moja kabla besi haijaingia kwenye 7 na kwenye 1 inayofuata. Ngoma itaikata besi, na besi itaikuta nafasi wazi. Sikio la msikilizaji linajaza pengo lenyewe, anaamini anasikia wapigaji wawili. Kingoma kiongeze kwenye 3 ukitaka, lakini si kila kipande. Mpiga kingoma mzuri anajua kukaa kimya watu wamsubiri.

Hatua ya 5: Anayeita na wanaoitikia

Sasa melodi, na una chaneli mbili za mraba. Mazoea ya wengi ni kuziweka pamoja zikiimba sambamba. Mimi nakushauri uzitenganishe kama nyimbo zetu zinavyotenganishwa: mraba wa kwanza uite, mraba wa pili uitikie. Mwitaji mpe umbo la asilimia 12.5 ili apenye, waitikiaji wape 50 ili wasikike wengi. Vipande viwili vya kuita, viwili vya kuitikia. Kwa kuanzia jibane kwenye noti tano tu: do, re, mi, sol, la. Zinatosha kwa wimbo wa gemu nzima.

Wakati mwitaji anaimba, wa pili asikae bure. Mwambie arudie maneno yaleyale, akichelewa noti mbili, kwa sauti ya 4 hivi. Huo ni mwangwi, na ndivyo gemu nyingi za zamani zilivyopata ukubwa bila kuwa na nafasi. Au mpe kodi, yaani noti kadhaa zinazosikika kama zinalia pamoja: arpeji ya 0, 4, 7 inayozunguka kwa kasi hutoa kodi ya furaha kwa chaneli moja, 0, 3, 7 hutoa ya huzuni. Ule mlio wa kutetemeka unaoutambua kwenye kila gemu ya kizamani ni huo. Tumia kwa kipimo, unachosha haraka.

Usinakili wimbo wa ngoma wa watu kama ulivyo ukaupa jina lako. Chukua mwendo, tunga maneno ya noti zako.

Na hifadhi kazi kila baada ya kipande. Umeme unaweza kuondoka bila kuaga, na betri ya laptopu ya mtumba inajulikana.

Hatua ya 6: Uzunguke bila kuchosha

Wimbo wa gemu hauishi, unazunguka. Mchezaji akikwama sehemu moja atausikia mara hamsini. Kwa hiyo mwisho wake usiufunge. Noti ya mwisho iache ikining'inia ili mwanzo uje kuimalizia. Sekunde 40 hadi 60 kwa mzunguko ni kipimo kizuri. Katikati weka kipande kimoja ambacho mwitaji ananyamaza kabisa na ngoma zinabaki peke yake, masikio yapumzike.

Kipimo changu ni hiki: weka wimbo uzunguke, halafu kaa ubangue korosho. Ukibangua nusu saa bila kuinuka kwenda kuuzima, umepita.

Sikiliza pia kwa spika ya simu yenyewe, si hedifoni tu. Spika ndogo haziwezi kutoa besi ya chini, na pembetatu yako yote inaweza kupotea usibaki na kitu ila mraba na kelele. Dawa yake ni kupandisha besi oktavu moja, yaani hatua 12 za kinanda. Wachezaji wako wengi watatumia spika hiyo hiyo.

Hatua ya 7: Gemu ya shabiki, au yako?

Muziki ukiwa tayari, mkono utawasha kutengeneza gemu ya Mario au ya Metroid kwa namna yako. Ni shauku halali, na wengi walijifunza kwa njia hiyo. Ila ujue inakoelekea. Milton Guasti wa Argentina alitumia miaka mingi kuitengeneza upya Metroid II, akaitoa bure Agosti 2016. Siku chache tu baadaye Nintendo ilitaka viungo vya kuipakua viondolewe. Hakuambulia patupu, kwani baadaye alipata kazi kwa watengenezaji wa gemu, lakini kazi ile haikuweza kutangazwa tena waziwazi. Kampuni ya Capcom ilifanya kinyume: mwaka 2012 shabiki wa Singapore aliwapelekea gemu aliyochanganya Mega Man na Street Fighter, nao wakamsaidia na kuitoa bure wenyewe. Sega iliwapa kazi mashabiki, na Sonic Mania ya 2017 ikazaliwa.

Kwa hiyo inategemea mwenye mali ameamkaje, na mimi sipendi kujenga kwenye kiwanja cha aina hiyo. Hapa Tanzania pia kuna Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ipo. Tengeneza ya shabiki kwa kujifunza, icheze na rafiki zako, usiiuze. Ile unayotaka watu waijue iwe yako.

Na kusini hatukosi cha kuchezea. Kilima cha Tendaguru, Lindi, Wajerumani walichimba mifupa ya mijusi wakubwa kati ya 1909 na 1913, na mmoja amesimamishwa makumbusho ya Berlin mpaka leo. Mjusi anayetafuta mifupa yake: gemu ndiyo hiyo. Anashukia bandarini Lindi, anapita kwenye mikorosho, anapanda kilimani. Sehemu tatu, nyimbo tatu, na ya tatu ni ya kwanza iliyokimbizwa kutoka fremu 10 hadi 8.

Hatua ya 8: Iunganishe

Kwa asiyejua kuandika programu, GB Studio inatosha. Ni ya bure, ya kompyuta, na inatengeneza gemu ya Game Boy kwa kupanga matukio kwa kipanya. Skrini ni nukta 160 kwa 144, rangi nne za kijivu, na kila mandhari haipaswi kuzidi vigae 192 tofauti vya nukta 8 kwa 8. Rudia mkorosho mmoja mara ishirini, hakuna atakayekushitaki.

Ina sehemu yake ya kutungia muziki, kwa hiyo wimbo wako wa Famicom utauandika upya humo. Mraba na kelele zinahama bila shida. Ngoma ya pembetatu ndiyo inahitaji kazi: chora wimbi la pembetatu kwenye ile chaneli ya nukta 32, kisha teremsha noti kama mwanzo. Ukipendelea Godot, programu nyingine ya kutengenezea gemu ambayo ina toleo la Android, toa wimbo kama faili ya sauti na uuweke tu.

Jambo moja watu hulisahau: mlio wa kuruka au kuokota kitu huazima chaneli ya muziki. Ukiuacha uchukue mraba wa kwanza, mwitaji wako atakatwa neno kila mchezaji anaporuka. Milio yote ielekeze kwenye mraba wa pili au kelele.

Hatua ya 9: Wape watu wacheze

Gemu ndogo ya Game Boy mara nyingi haifiki MB 1. Itume WhatsApp kama hati, si kama video, na mwambie mpokeaji aifungue kwa emuleta ya simu, yaani programu inayoiga mashine ya gemu. Kwa asiye na bando, flashi.

Ukipata nafasi, kaa karibu na mtoto anayeicheza na usimwelekeze kitu. Angalia anakwama wapi, na angalia kidole chake kwenye kitufe cha sauti. Akishusha sauti kabla hajafika kilimani, wimbo wa mikoroshoni ndio wa kwanza kurudi mezani.